Kuamia

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba,
mchana wa kuamkia usiku wa kurudisha saa nyuma,
nimenunua kilo tano za mtama
katika duka la vifaa vya bustani, hapa Wrexham,
nikalipa kwa kadi, bila hata kuuliza bei.
Mtama. Ule ule.
Umechanganywa na alizeti
na vimbegu vyeusi nisivyovijua jina.

Kondoa, nilipokuwa na miaka minane,
ujira wangu ulikuwa uji na shilingi moja kwa wiki
kuwafukuza.
Tangu alfajiri juu ya dungu, mimi na dada yangu Zamda,
teo mkononi, debe la kugonga,
koo limekauka kwa mayowe,
nao wakija kama moshi, kwelea kwelea, maelfu,
wakitua, suke linainama,
wakiondoka, suke linasimama:
jepesi, tupu.
Baba hakuhesabu ndege. Alihesabu masuke.

Sasa niangalie.
Juu ya kiti cha plastiki, na goti langu bovu,
nafunga waya kwenye tawi la mtufaha,
natundika mrija wa mbegu kwa adabu
kama mtu anayetundika picha ya mkwe.

Bi Glenys ananielekeza kutoka ng'ambo ya ua:
Juu kidogo. Paka wa namba kumi na nne anaruka.
Usiuweke karibu na kioo, watajigonga.
Na ukishaanza usiache mpaka Machi,
watakuwa wamekutegemea.
Nikamwambia sawa.
Sikumwambia habari za teo.
Yapo mambo ukimweleza mpenda ndege
hakuletei tena vile vikeki vyake vya zabibu kavu.

Siku ya kwanza hawakuja.
Ya pili alikuja kindi,
akaning'inia kichwa chini, akala
kama mtoza ushuru, bila kunitazama.
Ya tatu ilinyesha.
Nikaanza kuwaza: wanajua.
Mbayuwayu waliondoka hapa Septemba, bila viza,
kuelekea kusini, kuelekea kwetu.
Huenda huko njiani waliuliza habari zangu,
na huenda kwelea mmoja mzee, mwenye kovu,
alikuwa na la kusema.

Ya nne, Jumatano, kabla sijavaa viatu,
alitua mmoja si mkubwa kuliko kidole gumba,
kofia ya buluu, kifua cha manjano.
Akachagua alizeti.
Mtama akautupa.
Akachokoa tena, akatupa, akatupa,
punje zinadondoka kwenye majani yaliyooza,
punje ambazo mimi nilichapwa kwa ajili yake.

Nikampigia Zamda ili aone kwa simu.
Alicheka mpaka akakohoa.
"Unawanunulia? Wewe?"
Kisha akanyamaza kidogo.
"Wanene hao. Wa huku hawanenepi hivyo."

Na wakati bado yuko kwenye simu
shomoro walishuka chini ya mti,
ishirini, thelathini, kwa mkupuo,
ule mvumo wa mabawa madogo —
mkono wangu ukapanda wenyewe,
kifua kikajaa,
nikasikia sauti ya mtoto wa Kondoa
ikitoka kwa mzee mwenye nguo za kulalia:
Haaaya! Haaaya! Hoo!

Bustani ikabaki tupu.
Pazia la Bi Glenys likasogea.
Zamda, huko aliko, naye alikuwa amepiga ukelele,
kwa pamoja nami, bila kupanga,
na sasa hatukujua tucheke au tufanye nini.

Nikachemsha chai. Ikapoa.
Kwenye majani kulikuwa na barafu nyembamba
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mvivu.
Baada ya nusu saa, pengine zaidi,
alirudi shomoro mmoja, jike, mchafuchafu,
akaokota punje,
akaitazama nyumba,
akaokota nyingine.

Mmoja, nikasema, kwa sauti ya chini.
Nikashusha mkono mfukoni
nikaubana humo.